Jumamosi Ambayo Baba Hakuiomba

Mwezi uliopita nilikwenda Rugu kumsindikiza binti wa rafiki yangu kujitambulisha ukweni. Wakati wenzangu wanasalimiana na kupokelewa mizigo, mimi macho yalinitoka uani, kwenye kitu kilicholazwa chali juu ya mawe, kahawa imeanikwa ndani yake. Ilikuwa boneti ya gari. Rangi ilikwisha kubanduka, lakini matundu yale mawili ya mbele, yaliyokaa kama pua ya ng'ombe, nisingeyasahau hata ningeambiwa nisahau.

Mwenye nyumba aliona nimeduwaa. "Bati zuri hilo, dada," akaniambia, "halishiki kutu, na kahawa inakauka upesi kuliko kwenye mkeka. Nilipewa na mzee mmoja hapo juu, alikuwa na mkweche wake." Nikamjibu kwamba ni kweli, bati ni zuri. Nikaenda kukaa na wenzangu, nikala pilau, nikacheka palipochekwa, lakini moyoni nilikuwa nawaka. Ndugu yangu unayesoma, mimi ni mtu mzima sasa, nina watoto wanaonizidi urefu. Hata hivyo yapo mambo ambayo mtu haachi kuyakasirikia kwa sababu tu kalenda imebadilika ukutani.

Sisi tuliishi Ndama. Siku hizo Kyerwa ilikuwa bado ndani ya Karagwe, wilaya ilikuwa moja, kubwa, na mtu akisema anakwenda Kyerwa alikuwa anaaga kweli. Nyumba yetu ilisimama katikati ya kibanja, migomba mbele, mibuni nyuma, na ukiamka asubuhi ukungu umeshuka mpaka mlangoni, huoni hata choo kilipo. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kufagia uwanja, ya pili kumpelekea bibi maji ya uvuguvugu. Nililala chumba kimoja na bibi, mama yake baba, tangu nilipoachishwa ziwa. Nguo zangu zote zilinuka moshi wa jikoni kwake na kahawa ya kutafuna aliyoichemsha na majani ya porini, akaianika, akaifungia kwenye vikasha vya majani makavu ya mgomba. Mtu akija kusalimia anapewa punje, anatafuna, ndipo mazungumzo yanaanza. Ndama yote ilijua kwamba kahawa ya bibi haina mpinzani, na yeye mwenyewe alijua, na hakujisumbua kuwa mnyenyekevu.

Karibu na jiko kulikuwa na banda, na ndani ya banda kulikuwa na Enjojo. Hilo ni jina la tembo kwa lugha yetu, ndilo walilolipa gari la babu siku lilipoingia kijijini. Lilikuwa gari la Kimarekani, milango miwili tu lakini refu kama nyumba, usukani kushoto, injini ya pistoni nane. Babu alikuwa mnunuzi wa kahawa, na alilitoa Uganda kabla ya vita, miaka ile kahawa ilipokuwa kahawa. Wazee walisimulia kwamba likiwashwa Ndama, watu wa Kayanga walikuwa wanageuza shingo. Nadhani walitia chumvi. Ila kiti chake cha mbele nakikumbuka mwenyewe: kipana, laini, kimeshuka chini kiasi kwamba mtu hapandi, anakaa tu kama anayekaa kitandani. Kumbuka kiti hicho, maana ndicho kilichotuponza.

Enjojo alikuwa na ugonjwa mmoja. Barabara tambarare alikuwa mfalme, lakini mlima hakuuweza. Akifika katikati ya mwinuko anakohoa, anatoa moshi mweusi, anazima, na watu wanaitwa mashambani kuja kusukuma. Na Karagwe, kama unavyoijua, ukitoa milima hubaki na kitu. Babu alipofariki gari likabaki bandani. Kuku wakaligeuza nyumba yao, na mama akawa anatutuma, "Nenda kaangalie mayai kwenye gari," kama vile kila nyumba ina gari la kutagia.

Baba alikuwa fundi wa magari ya misheni. Mikono yake haikutakata hata siku ya Sikukuu. Yeye ndiye aliyetueleza ugonjwa wa Enjojo, tukiwa tunachuma kahawa: "Kabureta ni kama kikombe cha uji. Ukipanda mlima kikombe kinainama, uji unamwagika, injini inapaliwa." Tatizo likawa kwamba kikombe kingine cha kufanana na hicho hakikupatikana Bukoba wala Mwanza. Tukaendelea kuokota mayai.

Sasa nikueleze kuhusu bibi. Alikuwa na dada yake mmoja tu aliyebaki duniani, ameolewa Kyerwa, kwenye njia ya kwenda Murongo. Dada mtu alikuwa amepofuka, hatoki. Bibi naye aliteleza wakati wa mvua akavunjika nyonga, ikaunga vibaya. Alitembea na fimbo mpaka kanisani na kurudi, basi. Usafiri wa kwenda Kyerwa ulikuwa malori na pikapu, unapanda nyuma kwa kukanyaga tairi, unakaa juu ya magunia. Alijaribu mara moja. Wanaume walimnyanyua kama mzigo, akapiga kelele ya maumivu ambayo sikupata kuisikia tena kwake, wakamshusha. Tangu siku hiyo salamu zao zilisafiri kwa midomo ya watu, na bibi alikuwa akizipokea, anauliza, "Amesema kwa sauti gani?" Mleta salamu anabaki anakuna kichwa.

Aliniambia sababu tukiwa tunamenya ndizi. Dada yake alikuwa na jina alilomwita utotoni, jina la mchezo tu, na hakuna mwingine aliyelijua. Mama yao alikufa, kaka zao walikufa, babu hakupata kuambiwa. "Mimi ninaitwa mama, ninaitwa bibi, ninaitwa mke wa fulani," alisema. "Nataka kumsikia yule aniite." Nikamwuliza jina lenyewe. Akanicheka, akanirushia ganda.

Basi mwaka mmoja, kahawa ikiwa nyekundu mitini, pikapu ya wakandarasi wa barabara ilipinduka kwenye kona za Nyakakika. Baba aliitwa kuitoa bondeni. Ilikuwa imepondeka kiasi cha kutofaa tena, lakini ilikuwa ya Kimarekani pia, imetoka kiwanda kilekile alikotoka Enjojo, ila yenyewe ni ya kisasa. Baba alifungua boneti hakukuta kabureta. Alikuta kitu cha chuma kimekalia mahali pake, kina nozeli mbili za kunyunyizia mafuta, na waya zimekizunguka. Wakandarasi wakamwambia achukue anachotaka, wao hawana kazi nayo. Baba alirudi nyumbani amekibeba kile chuma kifuani kama mtoto mchanga, nyuma yake watu, mabegani kwao mashada ya waya, pampu, na boksi dogo la bati lisilofunguka. "Hii ni kompyuta," akasema. Ndiyo mara ya kwanza nilisikia neno hilo. Bibi akauliza inakula nini.

Siku hiyohiyo, mchana, mbele yetu wote na vikapu vya kahawa viunoni, baba alimwambia mama yake: "Mama, huyu sasa atapanda milima. Senene zikianguka, mimi mwenyewe nitakupeleka Kyerwa, utakaa kiti cha mbele." Bibi alichukua fimbo yake akaenda bandani, akawafukuza kuku.

Miezi ile ndiyo ninayoikumbuka kuliko yote ya utoto wangu. Nyumba nzima ilikuwa gereji. Tangi la mafuta la Enjojo halikuwa na bomba la kurudishia, na kwenye mfumo wa nozeli, baba alisema, pampu inasukuma mafuta kwa nguvu mengi kuliko yanayotakiwa, kwa hiyo yanayobaki lazima yarudi tangini. Ilibidi tangi lichomelewe. Tangi la petroli ukilichomelea likiwa tupu linaripuka, kwa hiyo likajazwa maji kwanza, na maji yalitoka chemchemi, na chemchemi ilikuwa bondeni. Mama, shangazi, majirani, sisi watoto, wote tulipanda na ndoo vichwani. Mwanakwaya mmoja akaanzisha wimbo wa kanisani, tukajaza tangi la gari kwa sauti nne. Wiki nzima baadaye chai yetu ilinuka petroli.

Baba alikata bamba la chuma nene kutoka kwenye mashine mbovu ya kukoboa kahawa, akalitoboa na kulipiga tupa jioni baada ya kazi, mpaka likakaa vizuri kati ya injini ya zamani na kile chuma kipya. Tupa ile ilikuwa inalia kriii, kriii, wakati maharage yanachemka, na mpaka leo nikisikia chuma kinapigwa tupa, tumbo linaniuma njaa. Kwenye ekzosi alipachika kifaa cha kunusa moshi, eti kikinusa kinaiambia kompyuta kama mafuta yamezidi au yamepungua. Bibi alikipenda hicho kuliko vyote. Alisema hata yeye anapika hivyohivyo, kwa pua.

Waya ndizo zilizotaka kututoa roho. Zilikuwa zimeungua na kupakwa matope, rangi haionekani, na baba akizikosea kompyuta inakufa. Kila alipotambua waya mmoja unatoka wapi na kwenda wapi, bibi aliufunga ukindu wa rangi kwenye ncha zote mbili. Alikuwa msusi wa mikeka, ana ukindu mwekundu, wa zambarau, wa njano, na wenye rangi mbili uliosokotwa. Baba analala chini ya dashibodi anaita, "Mama, wa pampu ni upi?" na bibi, amekaa kwenye kigoda nje ya mlango wa gari, anamjibu bila kufikiri, "Zambarau na mweupe." Kompyuta yenyewe bibi alilala nayo chumbani kwetu, ndani ya bakuli la bati, imefungwa kitenge, isije ikapata unyevu. Nilikuwa naigusa asubuhi kuona kama ina joto.

Na kulikuwa na omunywani wa baba. Huyu lazima nikueleze vizuri. Kwetu, rafiki ni rafiki, lakini omunywani ni mtu mliyechanjiana. Mnachuma tunda moja la kahawa, lile lenye punje mbili zilizokumbatiana. Kila mmoja anajikata kidogo tumboni, anaipaka damu yake punje moja, na mwenzake anaimeza. Mkishamaliza, ninyi ni ndugu kuliko ndugu wa tumbo moja. Anachokuja kuomba humnyimi, na humwulizi cha nini. Kanisa halikutaka kusikia habari hizo, na baba alikuwa mzee wa kanisa, kwa hiyo wao walifanya kimyakimya nyuma ya nyumba kabla sijaanza shule. Tunda la kahawa alilichuma bibi, kutoka kwenye mbuni wake mwenyewe. Alilichagua kwa makini, akasema kahawa mbovu huzaa undugu mbovu.

Mtu huyo tulimpenda, usinielewe vibaya. Alikuwa jirani yetu, mchuuzi wa ndizi, mtani asiye na breki. Aliingia jikoni akafunua chungu bila hodi, kwa haki yake, na mama alimpiga mwiko mkononi huku anacheka. Alimwita bibi mama yake, akambebea kuni. Baba alipoanza kazi ya Enjojo alisimama mlangoni mwa banda akasema, "Tembo mnamtia moyo wa redio!" Alicheka mpaka akashika mbavu. Lakini ndiye aliyeibeba betri kwenye baiskeli yake kwenda kuichaji mashineni, mara nyingi, kwa njia ya matope, na tangi lilipojazwa maji alibeba ndoo mbili mbili. Ndiyo maana inauma. Angekuwa mtu mbaya tangu mwanzo nisingekuwa na kisa cha kusimulia.

Siku ya kwanza ya kuwasha, gari halikuwaka. Pampu ililia ndani ya tangi kama nyuki, nozeli zikakaa kimya. Baba alifungua akafunga, akapima kila waya, akanuna, akakataa kula. Siku kadhaa alikwenda kazini bila kumsalimia mtu. Mwishowe aligundua kwamba waya wa ethi, ule unaorudisha umeme kwenye bodi, ameufunga juu ya rangi ya gari, haujagusa chuma. Akakwangua rangi kwa kisu cha jikoni cha mama. Akazungusha ufunguo.

Nozeli zikatoa mvuke wa petroli, mwembamba, mweupe, na injini ikashika. Ilinguruma mpaka vijiko vikatikisika kwenye kichanja cha vyombo. Kuku wakakimbilia mibunini, hawakurudi mpaka jua linazama. Bibi alipiga vigelegele, mama akapiga, shangazi akapiga, na omunywani wa baba akambeba baba juu juu akamzungusha uwanjani. Jumapili ile baba aliupanda mlima wa kwenda Kayanga na watu wamejaa garini, Enjojo hakukohoa hata mara moja. Palepale barabarani watu wazima walisimama wakapiga makofi.

Senene, panzi wetu wa kukaanga, zilianguka wiki iliyofuata. Safari ikapangwa Jumamosi, na mimi ndiye niliyechaguliwa kwenda na bibi, nimshike mkono kwenye kushuka na kupanda. Nikanunuliwa viatu. Bibi alikaanga senene kwa chumvi na vitunguu, akafunga vikasha vya kahawa, akakunja mkeka aliosuka msimu mzima bila kutuambia ni wa nani. Gomesi lake, vazi la kanisani, alilianua kutoka kwenye kamba, akaliweka miguuni pa kitanda. Alikuwa amenyoa nywele. Alikuwa anaongea peke yake, nadhani alikuwa anafanya mazoezi ya yale atakayomwambia dada yake. Watu waliokwenda sokoni Kyerwa walipeleka habari mapema, na jibu likarudi kwamba dada mtu ameagiza apewe kiti karibu na mlango, tangu asubuhi.

Ijumaa alasiri, omunywani wa baba akaja. Hakufunua chungu. Alipewa kiti akakikataa, akakaa chini mkekani, miguu ameikunja.

"Shikamoo mama," alimwambia bibi.

"Marahaba, mwanangu. Mbona leo hunitanii?"

"Leo nimekuja kwa omunywani wangu."

Baba alikuwa anafuta vioo vya Enjojo. Aliweka kitambaa, akaja akakaa mbele yake. Yule mtu akasema, "Nimekuja na mdomo ule ulioila kahawa."

"Sema," baba akamwambia.

"Naomba gari."

Hakusema kuazima, alisema kuomba. Sote pale tulielewa tofauti. Bibi alikuwa na kikasha cha senene mkononi, anakifunga uzi, mkono ukasimama. Nilimtazama baba. Nilingoja aseme neno moja tu, aseme, "Chukua, lakini kesho nampeleka mama, Jumapili asubuhi njoo." Hilo lisingekuwa kumnyima. Hata mila yenyewe isingemhukumu. Baba aliliangalia gari, akayaangalia mapaja yake, hakumwangalia mama yake. Kisha akatoa ufunguo mfukoni.

"Gari ni lako."

"Nitaondoka nalo sasa."

"Ondoka nalo."

Yule mtu alisimama. Alimwambia bibi, kwa sauti ya chini, kwamba atamletea chumvi nzuri kutoka ng'ambo. Alijua habari ya Jumamosi, maana alikuwa amekula senene zetu juzi yake huku anamtania bibi kwamba dada yake hatamtambua kwa uzee. Alijua vizuri. Enjojo aliwaka mara moja, bila kukohoa, na alitoka kwenye banda akapita kati ya migomba, na ukindu wa bibi umefungwa kwenye waya zake zote.

Bibi alimalizia kufunga kikasha. Kisha akaniambia, "Vua viatu, utavichafua."

Aliyepiga kelele ni mama. "Ungemwomba Jumamosi moja tu!" alimwambia baba. "Jumamosi moja! Mama yako ananyoa nywele, wewe unatoa ufunguo!" Baba alijibu kwamba omunywani hapangiwi siku. Alijibu kwa utulivu, kifua mbele, na mimi mtoto niliona kitu usoni mwake ambacho sikuwa na jina lake. Sasa ninalo. Ilikuwa raha. Baba alikuwa anajiona mkubwa.

Na kijiji kilimpa ukubwa wake. Vilabuni watu waliinua vibuyu vya rubisi, pombe ya ndizi, kwa jina lake: ametoa gari, gari zima, kwa ajili ya punje ya kahawa, wanaume wa namna hiyo wamekwisha. Baba alikuwa hanywi, lakini alianza kupita karibu na vilabu. Bibi aliyelikunja gomesi na kulirudisha sandukuni hakuna aliyemwimba.

Nikwambie lililokuwa baya zaidi. Enjojo alikwenda Kyerwa. Alikwenda kila mara, amejazwa magunia ya kahawa mpaka kwenye kile kiti cha mbele, kuipeleka Murongo mpakani ivushwe kwenda Uganda kimagendo, maana ng'ambo ilikuwa na bei. Hiyo ndiyo haja aliyokuwa nayo omunywani wetu, ambayo haikuweza kungoja siku moja. Njia inapita mbele ya nyumba ya dada yake bibi. Mama mmoja wa kanisani alituletea habari kwamba yule kipofu, kila akisikia ngurumo ile, alikuwa anauliza waliopo, "Huyo siye mdogo wangu anakuja?" Wanamjibu hapana, ni gari la kahawa. Bibi alisikiliza habari hiyo mpaka mwisho. Hakuuliza imesemwa kwa sauti gani.

Enjojo hakudumu. Mtu asiyejua kompyuta akikosewa na gari hugeuka kulipiga nyundo. Waliiosha injini kwa maji ya mto, waya zikashika kutu, wakazikata wakaziunganisha wanavyotaka, na hatimaye likaachwa Rugu kwenye nyasi. Dada yake bibi alifariki mvua za masika yaliyofuata. Baba alikuja mbio na pikapu ya misheni, amemwombea bibi kiti cha mbele, safari hii aliweza kuomba. Bibi alikuwa anamenya ndizi. "Kwenda kuitwa na nani?" akamwuliza, akaendelea kumenya.

Hakumgombeza baba hata siku moja. Alichofanya ni kingine, na kilichukua muda mpaka nikakielewa. Alianza kumkaribisha. Baba akipita jikoni kwake, bibi anamfutia kiti kwa kanga. Anamwuliza habari za huko atokako, wakati nyumba ya baba iko hatua chache mbele ya macho yake. Anamletea kahawa kwenye kikapu kidogo cha wageni, kwa mikono miwili, na anamsindikiza hadi mwisho wa uwanja anapoondoka. Mwanawe wa kumzaa. Baba mwanzoni alicheka, akasema mama amezeeka. Baadaye akaacha kucheka, lakini aliendelea kuja, anakaa kwenye kiti cha mgeni, anatafuna punje yake. Hivyo hivyo mpaka tulipomzika bibi, na jina lile la utoto tukalizika naye bila kulijua.

Siku hizi hakuna anayechanjiana. Watu wanaogopa magonjwa, na wakitaka kuaminiana wanakwenda kwa mwanasheria. Chemchemi imewekewa bomba. Sisi Wanyambo wa umri wangu tunanunua kahawa ya unga dukani kama watu wa mjini, na barabara ya Kyerwa imechongwa, nikitoka Ndama baada ya kifungua kinywa nafika Murongo kabla jua halijakaa sawa. Kila nikipita nyumba ile ya dada yake bibi huwa napunguza mwendo. Hapakai mtu.

Baba yupo, Mungu amempa umri. Likizo iliyopita niliwapeleka watoto wangu wamwone, na alikuwa na afya ya kusimulia. Akawasimulia habari ya Enjojo. Alisimulia vizuri, ana kipaji: pikapu ya Nyakakika, nozeli, kompyuta ndani ya bakuli, mvuke mweupe, mlima wa Kayanga. Akafika kwa omunywani aliyekaa mkekani, akaigiza sauti yake, akaigiza mkono wake mwenyewe unavyotoa ufunguo. Watoto wangu walipiga makofi. Jumamosi haikuwemo. Mkeka uliokunjwa haukuwemo, wala viatu vyangu.

Binti yangu mdogo, ambaye hupenda kuuliza, akamwuliza, "Na mama yako, babu, alisema nini?"

"Mama?" baba akasema. "Mama alifurahi sana."

Nilimtazama usoni, nikitafuta aibu. Haikuwepo. Hakuwa anadanganya, ndugu yangu. Aliamini alichokisema, na watoto wangu wakakipokea, nao watakisimulia hivyo.